Mke wa Mwalimu

Ujumbe uliingia mume akiwa bafuni, akijimwagia maji na kupiga mluzi. Mshonaji aliacha cherehani, akaiinamia simu ya mumewe iliyokuwa mezani.

"Leo umenifurahisha sana. Kesho njoo mapema, tuendelee pale tulipoishia."

Kwenye picha ya mtumaji alikuwa binti mwenye nywele za kusukwa, anacheka meno yote nje. Mshonaji akashikwa na wivu.

Miezi ya nyuma, kampuni iliyomwajiri mumewe ilipofunga ofisi, mume alikaa nyumbani mnyonge, hata ndevu hanyoi. Kisha siku moja akarudi uso umechangamka. "Mke wangu, nimepata nafasi chuoni. Kompyuta, darasa la wanaoanza." Mshonaji ndiye aliyeisambaza habari mtaa mzima. Wateja wakaanza kumwita mke wa mwalimu, naye akaanza kutembea kwa mikogo. Mume alipoamkiwa "Shikamoo, mwalimu," aliitikia chinichini, akaharakisha hatua.

Kumbe binti huyu ndiye sababu ya mluzi!

Jioni alimkuta kaikodolea kompyuta yao kuukuu, simu sikioni.

"Ehe... safu ya namba haijui urefu wake," mume alikuwa akisema. "Ni lazima uiambie programu mwenyewe ikomee wapi. Ukiipa namba tatu, ichape tatu. Ukiipa tisa, tisa. Usipoiambia, inapitiliza na kukuchapia takataka. Ehe! Ndivyo hasa."

Akakata simu, akitabasamu peke yake.

"Nani huyo?" mshonaji aliuliza.

"Wa darasani. Ni mambo ya C tu, lugha ya kompyuta, mke wangu. Hayana utamu."

"Mbona wewe yamekukolea?"

Mume akajikuna kisogo. "Ana bidii sana yule binti."

Bidii! Mshonaji alilala akiwa ameupa ukuta uso.

Kesho yake aliliacha gauni la bibi harusi halina mkono mmoja, akaenda chuoni, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Akachungulia dirishani.

Mumewe alikuwa ubaoni, kalamu mkononi. Wanafunzi wamejaa, lakini yeye kila akiandika mstari alimgeukia mmoja tu: binti wa kwenye picha, aliyekaa pembeni, kidevu kiganjani, hapepesi macho. Binti akitikisa kichwa kukubali, mume anang'aa kama bwana harusi.

Kisha mume akabonyeza kompyuta. Kwenye skrini ya ukutani zikatoka namba tatu. Akabonyeza tena, zikatoka tisa, hakuna takataka hata moja. Darasa likapiga makofi. Binti akainuka, akamshika bega.

"Nilijua tu utaweza!"

Mshonaji hakungoja zaidi. Aliusukuma mlango ukagonga ukuta.

"Wewe binti! Mwalimu unayemshikashika ana mke, na mke mwenyewe ndiye mimi!"

Wanafunzi wote wakageuka. Kalamu ikamponyoka mumewe, naye akabaki akitazama sakafu.

Binti akamwangalia mume, akamwangalia mke, kisha akavuta kiti kilichokuwa karibu.

"Karibu ukae, mama," alisema kwa upole. "Mwalimu ni mimi."