Mlango wa Abiria

Gereji ya kwanza mwalimu wa udereva aliikataa kabla hata hajazima injini, kwa sababu fundi alikuwa akipuliza rangi nje, kwenye vumbi. Ya pili aliikataa kwa sababu ya mwenye gereji, mzee wa maneno mengi aliyeigusa bampa ya nyuma iliyopondeka kwa ncha ya kiatu.

"Pole, bosi. Nani kaligonga?"

"Mke wangu," mwalimu alijibu bila kupepesa macho. "Si unawajua wanawake na usukani?"

Mzee akacheka. Mwalimu hakucheka. Kucheka na watu wa aina ile aliona ni kujishusha.

Bampa ile aliiponda mwenyewe asubuhi hiyo, kwenye nguzo ya geti lake, akirudi kinyumenyume huku akimfokea mwanafunzi kwenye simu kwamba haangalii vioo. Mke wake alikuwa kwa dada yake na angerudi keshokutwa. Leseni ya mke huyo ilikuwa imelala kabatini tangu waoane, kwa amri ya mwalimu. Tena mwezi uliopita, mbele ya wakwe, mwalimu alitamba, "Siku nitakayolikwaruza gari hili, funguo namkabidhi yeye!" Wakwe walicheka sana. Mkewe alitabasamu tu, akaendelea kukusanya vikombe.

Sasa alikuwa anatafuta fundi atakayeficha kila kitu, na kila alipofika alitoa mtihani uleule. Alimburuta fundi hadi mbele, kwenye mlango wa abiria.

"Pitisha mkono hapa. Unaona kazi ya kiwandani ilivyo? Utaifikia hii?"

Fundi wa gereji ya tatu alikiri kwamba hataweza. Mwalimu alimdharau kwa kukiri. Wa nne alisema ataikaribia, naye akamdharau kwa kujisifu. Wa tano alikuwa anakula, na mwalimu hakuona haja ya kumsemesha mtu mwenye mafuta vidoleni.

Ikabaki gereji iliyo nyuma ya duka la mbao. Hiyo alikuwa ameiruka makusudi, kwa kuwa fundi wake ni mwanamke. Siku moja walipopita pale, fundi huyo alimpungia mke wake mkono, na mwalimu akauliza kwa mshangao, "Unajuana na huyo mchafu?" Mkewe alijibu kwamba huwa wanasalimiana tu.

Njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba, ukuta huku na ukuta huku. Mwalimu aliitazama, akaamua kuegesha nje. Fundi akatoka akijifuta mikono kwa kitambaa. Aliikagua bampa, kisha akalitazama gari lote kwa muda.

"Nani kaligonga?"

"Mke wangu."

Fundi akaacha kujifuta mikono.

"Mke wako."

"Ndiye huyo. Sasa sikiliza, mama, sina muda wa kubembelezana. Njoo uone mlango huu. Ukiweza kuufikia, kazi ni yako. Usipoweza, sema mapema nisipoteze mafuta yangu."

Fundi hakusogea.

"Sina haja ya kuushika. Mlango huo niliunyoosha mimi. Ulikuwa umebonyea kuanzia bawaba mpaka kitasa."

Mwalimu akacheka, kwa mara ya kwanza siku nzima. "Na nani aliuleta hapa? Jini?"

"Mke wako. Wewe ulikuwa umesafiri. Gari aliliingiza kinyumenyume kwenye njia hiyo unayoiogopa, na hakugusa ukuta."

Kicheko kikamkauka mwalimu, kisha uso ukamng'aa. Kumbe! Miaka yote hii alikuwa akisema mkewe hawezi kuendesha, na wakwe wanamwona mkorofi. Leo ushahidi ulikuwa mbele yake, na keshokutwa bampa isingekuwa na maana tena. Alitoa simu mfukoni, tayari kumpigia.

"Nilijua tu! Haya, niambie, aliligonga wapi?"

"Yeye hakugonga popote," fundi alisema. "Alisema baba watoto alikwaruza nguzo ya geti akiingia nyumbani, akashukia upande wake, akaenda kulala bila kujua, na alfajiri akapanda basi la safari. Akanisihi nisikwambie kamwe, kwa sababu wewe ndiye unayefundisha watu kuendesha."