Chiriku na Vifaranga wa Kanga

Sikilizeni, Mungu anisaidie nisitie chumvi. Mwewe alipomnyakua mama yao, vifaranga wanne wa kanga waliacha kula. Walizunguka tu, wakidonoa gogo: ko-ko-ko, ko-ko-ko! Shangazi yao akamwita Chiriku, fundi wa nyimbo.

Chiriku akaimba kwa madaha. Wakazidi kudonoa.

“Kelele! Mnaniharibia wimbo!”

“Bibi, umekuja kusifiwa au kuwaponya?” akauliza shangazi. “Siku ya tatu hii hawajala.”

Chiriku akaona haya. “Mola anisamehe, nilikuwa najiimbia mwenyewe.”

Akashuka kwenye gogo, akadonoa pamoja nao, kwa kasi ileile ya woga. Kisha akapunguza kidogo, nao wakapunguza. Akapunguza tena.

Mdogo wao akatazama angani, kisha akauliza, “Shangazi, mtama upo?”