Msuluhishi wa Sebuleni

Siku hizi mteja akigombana na dalali wake wa hisa, hawaendi mahakamani. Anayewaamua ni marehemu wa karibu zaidi wa mteja. Sauti yake hufufuliwa, ikawekwa nyumbani, ikaendesha taa, milango na madirisha mpaka shauri liishe.

Kwa Mama Aika ililetwa sauti ya mumewe, Elirehema, nayo ikampa ushindi dalali aliyeuza hisa zote bila kumuuliza.

"Ulisaini mwenyewe, Mama Aika," ilisema. "Hukusoma. Wewe ni wewe tu."

Uamuzi ule ungebatilishwa kwa njia moja tu: mjane aape kwamba yule si mumewe. Hapo sauti ingezimwa.

"Mama, sema si yeye," Aika alimhimiza. "Baba angekutosa hivi kweli?"

Tangu sauti ije, Mama alikuwa amerudia mazoea ya kupunguza redio kila ilipokohoa, na kupika ndizi alizozipenda marehemu kabla sauti haijaziulizia.

Karani wa usuluhishi akatokea kwenye skrini. "Mama, huyu ni mumeo, au si mumeo?"

Kabla hajafungua mdomo, sauti ikasema kwa upole, "Sema tu si mimi, mke wangu. Sitakasirika."

Aika, aliyesoma bweni tangu utotoni, akashusha pumzi. Mama yake akarudi nyuma hadi ukutani. Elirehema alizoea kusema hivyo hivyo, kwa upole uleule, kisha kuinuka na kufunga madirisha ili majirani wasisikie.

Nyuma yao, madirisha ya sebule yakaanza kujifunga, moja baada ya jingine.