Kikokotoo cha Brynn

Kabla ya mtihani, mwalimu alipita meza hadi meza akifuta kumbukumbu za vikokotoo vya kuchorea grafu, mtu asiingie na majibu. Mimi, msaidizi wake wa usimamizi, nilimfuata nikigawa karatasi.

Brynn alikifunika chake kwa kiganja. Mchezo alioutunga na wenzake kwa miezi minane ulikuwa humo tu, hauna nakala.

“Washa ile programu yetu ya kuandika ‘imefutwa’ kwenye kioo bila kufuta kitu,” mwenzake alinong'ona nyuma yake. “Atajua nini huyu?”

“Sidanganyi,” Brynn akasema kwa sauti. “Na sifuti, Mwalimu.”

“Basi utachora grafu zote kwa mkono.”

“Nitachora.”

Alipoinua kiganja, jasho la vidole lilibaki kwenye kioo cha kikokotoo. Akanipa mimi. “Bibi, nishikie.”

Mwalimu akaninyooshea mkono. “Kilete hapa.”

Nikakitia mfukoni, nikampa Brynn karatasi yake.