Vidole vya Tunu

Enzi zile wanyama walipokuwa wakipeana mashauri ya malezi, Ngedere alijaliwa mtoto mmoja, Tunu, akampenda kupita kiasi. Kila tunda alimmenyea, kila kokwa alimpasulia. Tunu akinyoosha mkono kuokota mbegu mchangani, mama aliudaka: "Acha, mwanangu, utajichafua!"

Jirani yake Nyani, ambaye wanawe walishinda wakichambua maganda na kuchokoa mchwa, akamwambia, "Shoga, mwache achezee. Vidole navyo hufundishwa."

"Wako wacheze na takataka," akajibu Ngedere. "Wangu ana mama."

Miaka ikapita, Nyani na wanawe wakahama. Siku moja mwiba ukamkwama Ngedere mgongoni, pale ambapo mkono wa mwenyewe haufiki. Akamgeuzia Tunu mgongo, kama ngedere wote wafanyavyo wakitaka kutolewa chawa au miba. Tunu akajaribu kwa kiganja kizima, akauzamisha zaidi.

"Mama, naubanaje?" akauliza huku akilia.

Ngedere akavishika vile vidole, laini kama siku alipomzaa. Hakumkemea. Aliokota mbegu mchangani, akamwekea mbele, mgongo ukimwaka moto.

"Cheza, mwanangu," akasema.