Mgongo wa Miba

Enzi za dinosaria, dunia ikiwa bado haijamjua binadamu, Shingo alikuwa mrefu kupita miti, na kila aliyepita chini yake alimwamkia. Isipokuwa Miba. Jirani huyo mfupi alikuwa na vibamba shingoni na miiba kama mikuki kutoka kiunoni hadi ncha ya mkia. Na kila alipokutana na Shingo, alimpa mgongo.

“Miiba imempa kiburi,” Shingo alimlalamikia Mbio, dinosaria mdogo mwepesi wa miguu.

“Msamehe, mzee. Huenda ana lake moyoni.”

“Lipi? Hana adabu tu!”

Siku moja, Shingo akila majani ya juu kabisa, Mameno mla nyama alinyata chini akambana Mbio kwenye jabali. Shingo alichelewa kuona, akabaki kupiga kelele. Aliyekuja ni Miba. Alijipenyeza kati ya Mbio na Mameno, akampa Mameno mgongo kama alivyozoea, akauzungusha mkia. Mwiba mmoja ukamzama Mameno pajani. Akaondoka akichechemea, wala hakurudi.

Shingo akashusha kichwa, na kwa mara ya kwanza akauona uso wa Miba. Ulikuwa mdogo mno kwa mwili ule, tena umejaa haya.

“Kumbe huu ndio uliokuwa ukiuficha?”

“Nilidhani mtanicheka, mzee,” Miba akasema, akaanza kugeuka.

“Usigeuke.” Shingo akazidi kuinama hadi kidevu kikagusa mchanga. “Shikamoo, Miba.”

Miba akamtazama usoni. “Marahaba,” akaitikia.