Umezima?

Saa tano na dakika arobaini asubuhi, nyaya mbili zilikuwa zinaning'inia ukutani, ncha zake wazi.

"Umezima?" aliuliza Fundi Shekue.

"Nimezima."

"Basi shika."

Ndiyo ilikuwa sheria yake kwa kila aliyejifunza umeme kwake: asemaye amezima ndiye wa kwanza kushika. Mwanafunzi wake, Sikudhani, alinyoosha mkono, akasita, akatoa testa ya kupimia umeme, akagusa waya. Taa yake ikawaka. Alikuwa amezima swichi ya chumba kingine.

"Mwanangu, kichwa umekiacha wapi?"

Sikudhani alimwonyesha simu. Chuo kikuu kilitaka jibu kabla ya saa sita: anakuja, au nafasi yake apewe mwingine.

"Miezi minne nafundisha, kumbe nafundisha abiria!" Fundi alicheka. "Jibu kwanza. Umeme hautaki mtu wa nusu nusu."

Sikudhani aliandika "Nitakuja", akatuma.

"Sasa nenda kazime. Mara hii nashika mimi."

Alizihesabu swichi mara mbili, akazima ya tatu, akarudi.

"Umezima?"

"Nimezima, fundi."

Fundi hakuomba testa. Alikunja mkono wa shati, akanyoosha vidole kwenye nyaya.